Zamu Yetu ya Ufunguo

Wiki hii ufunguo wa shule unalala kwetu,
kwenye msumari wa jikoni, juu ya birika,
mzito, wa kizamani, una kutu shingoni.
Jumapili utahamia kwa Torkild mfuga ng'ombe,
kisha kwa Bodil, kisha sijui kwa nani;
orodha imebandikwa mlangoni, mvua imefuta majina mawili.

Miaka minne nyuma, mwezi wa Februari,
manispaa ilituletea barua ya kurasa mbili:
watoto thelathini na mmoja hawatoshi kuitwa shule.
Ukurasa wa pili ulikuwa ratiba ya basi.
Huku kwetu, kaskazini mwa Jutilandi,
jua la Januari huamka saa tatu kasorobo.
Basi lilipita saa moja kamili.

Villads wangu alikuwa na miaka saba.
Huko mjini alikalishwa nyuma, karibu na kipasha joto.
Mwalimu wake alikuwa mtu mwema, simlaumu;
alikuwa na watoto ishirini na wanane
na koo moja.
Ripoti ya Krismasi ikasema: *mtulivu, hasumbui.*
Hasumbui!
Mtoto aliyekuwa akihesabu vigae vya bafuni kwa sauti
mpaka tukamgongea mlango
alikuwa amegeuka kiti.

Tukakutana zizini kwa Torkild, ng'ombe wakitusikiliza.
Sheria yetu inaruhusu: wazazi wakitaka, waanzishe yao,
serikali itoe fungu kubwa, wao wajazie.
Tukajazia. Mimi niliuza pikipiki ya marehemu Henning,
na sitadanganya, karo inauma,
kuna miezi tunakula viazi kwa mchuzi wa viazi.
Upo mfuko wa wasioweza.
Nani anachota humo, anajua mhasibu peke yake,
na kinywa cha mhasibu ni kaburi.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga;
hawakusema mikono mingine itafika Jumamosi saa mbili
imeshika brashi, inanuka kahawa.
Egon na Svend, miaka tisa bila salamu
kwa ajili ya mfereji wa mpakani,
walipewa ukuta mmoja, kila mtu na upande wake.
Walikutana katikati, chini ya dirisha.
"Hapo umeruka," akasema Egon.
Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yao, hakuna mengine.

Paa bado linavuja. Maabara yetu ni jiko.
Tunabishana kuhusu simu hadi saa sita usiku
na kesho yake tunaazimana trela.
Tena shule ya mjini si jehanamu:
mpwa wangu Liv anasoma kulekule, na anang'aa.
Mimi nasema habari za mmoja tu.

Mwalimu Gudrun ana kumi na wawili darasani.
Siku ya kwanza alimkuta Villads amekodolea dirisha,
midomo ikicheza, bukini wakikata mawingu.
Hakumwambia *tazama ubaoni.*
Alimpa daftari: "Wahesabu wote. Tutahitaji."
Sasa liko la tano.
Mwezi Machi alisimama mbele yetu, wazazi wote,
karatasi ikitetemeka kuliko sauti, akasoma:
bukini mia nne na sita, korongo mmoja,
"na huyo mmoja sina hakika."
Nililia hapo. Si kwenye mia nne.
Kwenye *sina hakika.*

Leo Jumatatu, bado giza, barafu inalia chini ya viatu.
Ufunguo ameubeba yeye, ndani ya glavu, uote moto.
Kufuli limegoma, amelipulizia, limekubali.
Taa moja. Taa mbili. Harufu ya chaki na soksi mbichi.
Egon anaingia na gunia la kuni begani,
miaka sabini na mitatu, theluji hadi magotini.
"Futa miguu," mwanangu anamwambia.

Na Egon anafuta.